Karatasi Yenye Mistari Kumi

Hotuba kwa jamaa wazungumzaji wa Kiswahili wa St. Louis, Missouri

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na nyie mliojibanza kule nyuma karibu na sinia la sambusa, nawaona, msidhani sioni.

Kila mmoja wenu amepewa karatasi pale mlangoni. Ina mistari kumi mitupu. Tafadhali msiifutie mikono, tutaihitaji.

Niliombwa niseme neno kuhusu mji huu ambao siku hizi tunauita nyumbani. Nadhani aliyeniomba alitegemea nizungumzie Mto Mississippi, au lile tao refu pale ukingoni. Mimi nimekuja na habari za besiboli. Naona wengine mmeshaanza kutafuta simu mifukoni. Subirini kidogo. Sitazungumzia sana mchezo wenyewe, ambao najua wengi wenu mnauona kama watu waliosimama nyasini wakisubiri basi. Nitazungumzia ugomvi. Kuna tuzo inaitwa ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote, watoto wenu huiita MVP, na watu wa nchi hii wameizozania kwa zaidi ya miaka 100 bila kukubaliana hiyo thamani maana yake nini.

Mimi niliingia kwenye ugomvi huo mwaka 2006. Nilikuwa mgeni, nimetokea Kigoma, Kiingereza changu cha kuombea maji. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya usiku, kusafisha maofisi, na mwenzangu alikuwa mzee mmoja Mmarekani Mweusi, mtu wa mji huu tangu enzi za babu zake. Alikuwa na redio ndogo ameifunga kwa kipande cha mpira kwenye mkono wa toroli la ndoo. Oktoba ile Cardinals, timu yetu ya mji huu, wakachukua ubingwa, mji ukalewa. Novemba ikatangazwa tuzo. Albert Pujols wetu, aliyeuvusha mpira ukuta mara 49, hakuipata. Ikaenda kwa Ryan Howard wa Philadelphia, aliyeuvusha mara 58. Mzee alizima redio, akageuza ndoo, akaikalia. Akaniambia taratibu ili nielewe: timu ya Howard haikufika hata kwenye mtoano, sasa hiyo thamani ni ya kumfaa nani? Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba lililomuuma zaidi ni kuwa huyo Howard mwenyewe ni mtoto wa hapahapa St. Louis.

Pujols naye alisema hivyohivyo mbele ya waandishi, kwamba asiyeifikisha timu yake kwenye mtoano hastahili tuzo hiyo. Baadaye aliomba radhi. Lakini neno hilo liwekeni kiporo, tutalipasha moto mbele ya safari.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo (la mti, jamani, si lile mnalolifikiria), halafu anakimbia kutoka kituo hadi kituo mpaka arudi nyumbani alikoanzia. Akiupiga ukavuka ukuta, hiyo ndiyo homu rani, anazunguka kwa raha zake. Na kila kitu kinaandikwa. Mpigaji akifanikiwa mara tatu katika kumi ni hodari. Akifika nne katika kumi, anajengewa sanamu.

Sasa twende mwaka 1910. Hugh Chalmers alikuwa na kampuni ya magari kule Detroit. Akatangaza kwamba mpigaji atakayemaliza msimu na wastani mkubwa kuliko wote atampa gari. Gari, mwaka 1910! Hakuna kura, hakuna kamati, ni hesabu tu. Ni kama kiatu cha dhahabu kule kwetu kwenye soka: mabao yanahesabiwa, mwenye mengi anabeba, nani atabisha?

Wakabaki wawili. Ty Cobb wa Detroit, hodari kupita kiasi na mwenye kuchukiwa kupita kiasi. Na Napoleon Lajoie wa Cleveland, ambaye watu walimpenda hadi timu yenyewe ikaitwa kwa jina lake, Naps. Cobb alipoona anaongoza, akajikalisha nje mechi mbili za mwisho ili wastani usije ukashuka. Lajoie alibakiwa na mechi mbili za siku moja, tarehe 9 Oktoba, dhidi ya timu iliyoitwa Browns. Wapi? Hapahapa. Uwanja wa Sportsman's Park, kona ya Grand na Dodier. Wengine mnapita hapo na basi la Grand mkienda kazini.

Mpigo wake wa kwanza Lajoie aliupiga haswa, ukaenda mbali. Kuanzia hapo mambo yakawa mengine. Meneja wa Browns, Jack O'Connor, alimwagiza mlinzi wake wa kituo cha tatu asimame nyuma kabisa, kwenye ukingo wa nyasi. Mlinzi huyo alikuwa Red Corriden, kijana mgeni kwenye ligi. Mwoneni pale alipo, peke yake, mbali na kazi yake. Lajoie, mtu mzima, bingwa, analaza gongo taratibu kama mtu anayefunua sufuria ya moto, mpira unaligusa tu, unadondoka, unabingirika kando ya mstari. Corriden anachomoka mbio kutoka huko alikopelekwa. Akiufikia mpira, Lajoie keshatulia kituo cha kwanza. Zamu inayofuata kijana anarudi palepale nyasini. Mpira unadondoka palepale. Na tena. Na tena. Jioni ilipofika Lajoie alikuwa na mipigo minane katika minane.

Kulikuwa na zamu moja zaidi ambayo mwandika alama alikataa kumhesabia, akasema aliyekosea ni Corriden. Harry Howell, msaidizi wa O'Connor, akampelekea ujumbe: akiubadilisha uamuzi ule, kuna suti mpya inamsubiri. Suti! Gari zima la mtu kugeuzwa kwa suti ya mtu mwingine. Naona rushwa nayo ilikuwa bei nafuu siku zile.

Inasimuliwa kwamba wachezaji wanane wa Detroit, wenzake Cobb, walimpelekea Lajoie simu ya maandishi kumpongeza. Ndivyo walivyompenda mwenzao. Lakini rais wa ligi, Ban Johnson, alikaa na vitabu vyake, kisha akatangaza Cobb ana 385 katika 1,000 na Lajoie 384. O'Connor na Howell wakafukuzwa. Chalmers, mfanyabiashara mwenye akili, akawapa wote wawili magari. Halafu, miaka 70 baadaye, watafiti wakapekua madaftari ya zamani wakakuta mechi moja ya Cobb iliandikwa mara mbili. Ukiiondoa, Lajoie ndiye aliyekuwa juu. Habari ikachapishwa mwaka 1981, na kamishna wa wakati huo akakataa kubadilisha chochote.

Kwa hiyo Chalmers aliyekimbia maneno akakimbilia hesabu, na hesabu ikamzalia maneno ambayo hadi leo hayajaisha. Ndiyo maana mwaka uliofuata aliiacha kanuni ile. Akaunda kamati ya waandishi wa magazeti, mmoja kutoka kila mji wenye timu, wamchague mchezaji aliye muhimu zaidi kwa timu yake na kwa ligi. Hapo ndipo neno la thamani lilipozaliwa. Mwaka 1911 kwenye Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili kubwa za mchezo huu, alishinda nani? Cobb huyohuyo. Magari yalitolewa hadi 1914, kisha yakakoma.

Tuzo ilirudi mwaka 1922 kwenye Ligi ya Marekani, na ikaanzia mjini kwetu. George Sisler wa Browns alipiga 420 katika 1,000, karibu aipeleke timu kwenye fainali, wakakosa kwa mchezo mmoja tu nyuma ya Yankees wa New York. Hapo hakuna aliyebisha. Ila kanuni za ligi ile zilikuwa za ajabu. Mwandishi aliruhusiwa kuchagua mtu mmoja tu kwa kila timu, na aliyewahi kushinda hakuruhusiwa kushinda tena. Matokeo yake ni haya: Babe Ruth alishinda mwaka 1923, basi mwaka 1927 alipopiga homu rani 60, rekodi iliyoduwaza nchi nzima, hakuwa hata na haki ya kupigiwa kura. Mtu maarufu kuliko wote katika mchezo huu ana tuzo moja tu.

Ligi ya Taifa, ile kubwa ya pili, ilianza yake mwaka 1924, nayo ikaanza kwa ugomvi wa St. Louis. Rogers Hornsby wa Cardinals alipiga 424. Katika karne nzima iliyofuata hakuna aliyeugusa wastani huo katika ligi hizo mbili kubwa. Tuzo ikaenda kwa Dazzy Vance, mrushaji wa Brooklyn. Ilikuwaje? Mwandishi mmoja wa Cincinnati, Jack Ryder, hakumwandika Hornsby popote kwenye karatasi yake yenye nafasi kumi. Si wa kwanza, si wa kumi. Alipoulizwa akajibu kwamba Hornsby ni wa thamani kwa nafsi yake mwenyewe, si kwa timu yake. Mnaweza kumkasirikia. Mimi nilimkasirikia miaka mingi, sasa nimepunguza. Alikuwa na kosa, lakini alikuwa ameuliza swali la kweli: mtu anayeng'ara katika timu inayoshindwa, thamani yake inakaa wapi?

Tuzo za ligi nazo zikafa kabla ya miaka kumi kutimia. Mwaka 1931 chama cha waandishi wa besiboli kikaichukua kazi hiyo moja kwa moja, na karatasi mliyoishika mkononi ni mfano wa hiyo yao. Mistari kumi. Siku hizi ukimwandika mtu wa kwanza anapata pointi 14, wa pili 9, wa tatu 8, mpaka wa kumi anapata moja. Waandishi wawili kwa kila timu ya ligi. Na wanapiga kura kabla ya mtoano kuanza, kwa hiyo anayeng'ara kwenye fainali hapati kitu humo. Karatasi huja na barua ya maelekezo, na ndani yake kuna jambo ambalo mimi hulipenda sana: waandishi wanaambiwa hakuna tafsiri ya wazi ya neno thamani, kila mpiga kura ataamua mwenyewe. Fikiria umeitwa kuwa hakimu, unafungua kitabu cha sheria, unakuta ukurasa mweupe.

Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Na asipopenda? Muulizeni Ted Williams wa Boston. Mwaka 1941 alipiga 406, na tangu siku ile hakuna aliyefika 400 katika ligi zile. Tuzo ikaenda kwa Joe DiMaggio wa Yankees, aliyepiga mechi 56 mfululizo bila kukosa. Hiyo naielewa. Mwaka 1942 Williams aliongoza ligi kwa wastani, kwa homu rani na kwa kuwaingiza wenzake nyumbani, vyote vitatu kwa pamoja. Tuzo akapewa Joe Gordon wa Yankees. Mwaka 1947 akarudia kuongoza vyote vitatu. DiMaggio akamshinda kwa pointi 202 dhidi ya 201. Pointi moja, yaani mtu mmoja kumsogeza mstari mmoja juu. Williams alikuwa hapatani na waandishi, hasa wa mji wake mwenyewe, na hakuficha. Alishinda mwaka 1946 na 1949, kwa hiyo msimlilie sana.

Na tusimlilie sana kwa sababu nyingine. Hornsby aliachwa na kalamu moja. Williams alikosa pointi moja. Kulikuwa na watu wasioachwa na kalamu moja, bali na kalamu zote, kwa kuwa majina yao hayakuruhusiwa kufika mezani.

Tangu 1920 besiboli ilikuwa na kamishna, Jaji Kenesaw Mountain Landis. Miaka yote aliyokaa kitini, hadi alipofariki mwaka 1944, hakuna mchezaji Mweusi aliyekanyaga ligi hizo kubwa. Mwaka huohuo wa 1944 tuzo ikapewa jina lake. Huku nyuma wachezaji Weusi walikuwa na ligi zao, na mji huu ulikuwa na timu yao, Stars, ambamo alikimbia Cool Papa Bell. Iko barabara yenye jina lake hapa mjini. Na alikuwepo Josh Gibson, mdakaji na mpigaji wa timu za kule Pittsburgh. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson akaingia uwanjani na jezi ya Brooklyn.

Mwaka 1949 Robinson akashinda tuzo. Wa pili alikuwa Stan Musial wetu, yule wa sanamu pale nje ya Busch Stadium. Na kuanzia 1949 hadi 1959, katika tuzo 11 za Ligi ya Taifa, tisa zilichukuliwa na wachezaji Weusi: Robinson, Campanella mara tatu, Mays, Newcombe, Aaron, Banks mara mbili. Kumbukeni, hao walikuwa ndio kwanza wanaruhusiwa. Sasa jiulizeni miaka ya nyuma yake kombe lilikuwa likipima nini. Ligi ya Marekani ilijikokota; mchezaji wake wa kwanza Mweusi kushinda alikuwa Elston Howard wa Yankees, mwaka 1963. Mzaliwa wa wapi? Wa hapa. Mzee wangu wa redio alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja jina la binamu yake.

Lakini kila mmoja wao alipopokea kombe, jina la Landis lilikuwa juu yake. Barry Larkin, mshindi wa 1995, alikuja kusema jambo hilo lilimkera. Mike Schmidt na Terry Pendleton, washindi wengine, nao wakasema. Oktoba 2020 waandishi wakapiga kura, jina likaondolewa. Wako waliotaka liwekwe la Josh Gibson. Hadi sasa halijawekwa. Ila mwaka 2024 takwimu za ligi za Weusi ziliingizwa rasmi kwenye vitabu vikuu, na aliyekuwa akiongoza kwa wastani wa maisha yote ya uchezaji akashushwa, akapandishwa Gibson, mwenye 372. Aliyeshushwa ni nani? Ty Cobb, yule yule wa gari.

Vijana, nyie mnaopenda takwimu, hamjasahauliwa. Mwaka 2012 Miguel Cabrera wa Detroit, mtoto wa Venezuela, aliongoza vyote vitatu kama Williams, jambo lisilotokea tangu 1967. Wenye kompyuta wakasema hapana, Mike Trout wa Angels ni bora, kwa sababu anakimbia, anadaka, analinda. Walikuwa na kipimo chao, WAR, kinachokadiria mchezaji ameiletea timu ushindi wa mechi ngapi zaidi kuliko ambavyo angeleta mtu wa kawaida aliyeokotwa kuziba pengo. Waandishi 22 kati ya 28 wakamweka Cabrera wa kwanza, na wengi wakatoa sababu kwamba timu yake ilifika mtoano. Haya, tazameni hesabu: Detroit ilishinda mechi 88. Angels, ambayo haikufika, ilishinda 89. Detroit ilikuwa tu katika kundi jepesi. Hapo nami nilizima redio.

Shohei Ohtani sitamwongelea sana kwa kuwa hana mgomvi. Mjapani huyu hurusha na hupiga pia, ameshinda mara nne, 2021, 2023, 2024 na 2025, na mara zote kila mpiga kura alimweka wa kwanza. Mwaka 2024 hakurusha wala hakudaka, alipiga tu, na bado hakuna aliyenyanyua mkono kupinga. Mtu kama huyo anaharibu mazungumzo.

Sasa kile kiporo. Mwaka 2008 Pujols alishinda tuzo. Cardinals walimaliza wapi? Nje ya mtoano. Na wa pili alikuwa nani? Ryan Howard, ambaye timu yake ya Philadelphia ilifika mtoano na ikachukua ubingwa mwaka huohuo. Yaani ile kanuni ya Pujols ingefuatwa, Pujols angelikosa kombe lake. Usiku ule nilifika kazini mapema. Nikamkuta mzee anajaza ndoo, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa. Nikamkumbusha maneno yake ya miaka miwili nyuma, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu kilichokuwa kimenenepa kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwaka huu ni tofauti," akaongeza sauti.

Haya, kalamu ziko kwenye kikopo. Andikeni majina kumi kati ya wote niliowataja leo, mwenye thamani kuliko wote aanze juu. Tutajumlisha kwa pointi zao, 14, 9, 8, na kadhalika, halafu ndipo sambusa. Msiniulize thamani ni nini.

Mama hapa mbele ananiuliza kama anaruhusiwa kumwandika Corriden, yule kijana wa nyasini. Barua haikatazi, mama. Mwandike.